Kadi Mbili kwa Mashine Moja

Ngarenaro, Arusha
12 Februari 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Tangu mlipomaliza kuchuma kahawa sijakuandikia hata mstari mmoja. Kila Elinipa akishuka sokoni na ndizi zake huniuliza, "Barua ya mjomba iko wapi?" nami humjibu, "Bado naitunga." Juzi aliniambia kwamba hata kitabu kingekuwa kimekwisha.

Natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo, na goti lako limetulia. Mimi ni mzima. Mafua ya vumbi yamepita. Nakuandikia kwa mkono, maana najua ujumbe wa simu huujibu.

Unamkumbuka Najat wa Levolosi, niliyesoma naye sekondari? Tunafungua chumba cha michezo ya kompyuta. Bibi yake, Bibi Sophia, ametupa chumba cha mbele cha nyumba yake. Watu wa mtaa watakuja kucheza mpira, mbio za magari na vita kwenye kioo kikubwa. Kioo tunacho, viti na meza tunavyo, kompyuta yenyewe tumeiunga kipande kwa kipande. Kimebaki kitu kimoja tu, kadi ya picha. Hiyo ndiyo sehemu ya kompyuta inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Ikiwa dhaifu, mchezo unaganda: unapiga mpira leo, unafika golini kesho.

Arnold, muuza kompyuta zilizotumika hapa Ngarenaro, ametuonyesha njia mbili. Kuna kadi moja kubwa yenye nguvu. Kuna pia kadi mbili pacha, za zamani kidogo, ambazo hukaa pamoja ndani ya mashine moja na kuunganishwa kwa kidaraja. Najat anaona mbili ni bora. Kila mmoja wetu atanunua moja. Yake itakaa nafasi ya kwanza, yangu ya pili.

Ndama wa yule ng'ombe aliyeachwa na marehemu mama bado yuko zizini kwako. Naomba ridhaa yako auzwe nipate kadi yangu.

Nakumisi sana.

Mpwa wako,
Irine


Akeri, Meru
20 Februari 2023

Mpwa wangu Irine,

Marahaba. Radhi nimekupa, ingawa hukueleza ulikuwa unafanya nini muda wote huo. Goti halijatulia. Mkaza mjomba wako Anande anakusalimu na anauliza kama unakula. Ndama hajambo, amekuwa mtundu, juzi alivuka ua akala maharage ya jirani yangu Ndesanjo, na Ndesanjo hajaacha kunilalamikia habari hiyo hadi leo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa upendo na mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Neno "nakumisi" nimelifuta. Kama umenikumbuka, sema umenikumbuka. Mwandiko ni mzuri. Hoja zako ndizo hazijasimama.

Hukusema kama kadi mbili zinafanya kazi mara mbili ya kadi moja. Jambo hilo ndilo la kwanza ambalo mtu mwenye akili angelisema, nawe umeliruka. Kwa nini umeliruka? Miaka iliyopita watu wa kitongoji cha juu walichimba mfereji wa pili kutoka banio lile lile linaloingiza maji ya mto, wakidhani maji yatakuwa mara mbili. Maji yakabaki yale yale. Kilichoongezeka ni ugomvi. Mashine yenu nayo, nadhani, ina banio moja tu la umeme.

Tena nakuuliza: chumba ni kimoja, kioo ni kimoja, kompyuta ni moja, biashara ni moja. Kwa nini kadi peke yake iwe mbili? Sijapata kumwona mtu anayetaka vitu viwili mahali pa kimoja bila sababu asiyotaka kuitaja. Huyo Najat simjui ila kwa jina, na sasa nimeanza kulitazama jina hilo kwa makini.

Ndama hatauzwa mpaka nielewe.

Mjomba wako,
Ephraimu


Ngarenaro
2 Machi 2023

Mjomba,

Shikamoo. Habari za goti? Mwambie mkaza mjomba ninakula, tena vizuri. Pole kwa habari ya maharage.

Nakujibu maswali yako. Kadi mbili hazifanyi kazi mara mbili. Michezo mingi ya siku hizi huitambua kadi moja tu, ile ya nafasi ya kwanza. Ya pili hukaa tu, imepoa, ikingoja mchezo wa zamani unaojua kuitumia. Umeme zinakula zote mbili, na joto linaongezeka ndani ya mashine, kwa hiyo Arnold anasema tutahitaji feni nyingine na kifaa kikubwa zaidi cha kugawa umeme. Faida yake ni kwamba moja ikiharibika, nyingine ipo.

Mimi nilimwambia Najat, "Dada, moja kubwa si ingetosha?" Akanijibu, "Mbili ni mbili." Ungemjua ungenielewa, Mjomba. Yule habishiwi.

Nakuomba usichelewe. Arnold ameahidi kutuwekea zile pacha hadi katikati ya mwezi, na kuna mtu wa Kimandolu anazizungukia kama mwewe.

Mpwa wako,
Irine


Akeri
9 Machi 2023

Mpwa wangu Irine,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mawingu yameanza kukaa kwenye mlima, na Anande amekwisha kupanda.

Shaka yangu ilikuwa ndama. Sasa ni fahali. Umeniandikia wewe mwenyewe kwamba kadi ya pili haifanyi kazi. Basi mnanunua ng'ombe wawili ili mkamue mmoja. Na unaposema kwamba mwenzako habishiwi, mimi nasikia kwamba anakuburuta. Mtu anayekuburuta kuelekea kwenye hasara anajua kitu ambacho wewe hukijui. Labda anamjua Arnold kuliko anavyosema. Labda hizo pacha ni zake, naye anakuuzia kwa mlango wa nyuma. Sisemi kwamba ndivyo. Nasema kwamba hujanionyesha kwamba sivyo.

Kwetu hapa mtu haungani na ukoo mwingine kabla ya kuuliza habari zake. Hutumwa watu wawili, mwanamume na mwanamke, wakaongee na majirani taratibu. Nyumba ile ina amani? Wanapenda kazi? Kuna maradhi yanayofichwa? Hatujawahi kuungana na mtu kwa kompyuta, lakini kuungana ni kuungana. Nimewatuma jirani yetu Romanus pamoja na Elinipa. Watafika Levolosi Jumatano.

Usimwambie Najat. Anayejua kwamba anachunguzwa hufagia uwanja.

Mjomba wako,
Ephraimu


Ngarenaro
16 Machi 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima. Moyo wangu sio, na nakuomba unisamehe mapema kwa nitakayoyaandika.

Barua yako ilinifikia jioni ya Jumatano, baada ya mambo kwisha. Unajua watu wako walifanya nini? Romanus alivaa koti na tai. Elinipa alibeba mkungu mzima wa ndizi. Wakakaa kwenye benchi la muuza chai, mkabala na nyumba ya Bibi Sophia, wakaanza. "Eti huyu binti Najat ana tabia gani? Huamka saa ngapi? Kwao kuna kifafa?" Muuza chai akawauliza wametoka wapi. Romanus akasema, "Tumetoka Meru, kwa nia njema."

Kabla ya adhuhuri Levolosi yote ilijua kwamba Najat anaposwa na Mmeru. Bibi Sophia aliwakaribisha ndani. Alichoma udi, akawaita "wakwe zangu," akaupokea ule mkungu wa ndizi kwa mikono miwili. Romanus, badala ya kusema ukweli, akanywa chai!

Najat aliporudi kutoka mjini aliwakuta wanawake wanne wa mtaani wamekaa sebuleni wakimtazama kuanzia miguuni.

"Kuna nini?" akauliza.

"Wewe nyamaza," Bibi Sophia akamwambia. "Ana shamba la kahawa."

"Nani ana shamba la kahawa?"

"Utamjua. Kaoge kwanza."

Najat alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwona Elinipa. Anamfahamu, amemkuta kwangu mara nyingi akileta barua zako. Hapo akaacha kucheka. Alikuja Ngarenaro kwa miguu, hakungoja hata bodaboda.

"Irine, mimi nimeiba nini kwenu?"

"Si mimi, ni mjomba."

"Na mjomba nani amemwambia kwamba kuna la kuchunguza?"

Aliondoka, na tangu jana hapokei simu yangu. Chumba ni cha bibi yake. Bila chumba, ile kompyuta ni sanduku la vyuma. Lakini hilo si kubwa. Najat ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyelala kwangu wiki nzima na kupika. Sasa anapita njia nyingine asinione.

Uliniambia nisimwambie. Sikumwambia. Ona.

Mpwa wako,
Irine


Akeri
30 Aprili 2023

Mpwa wangu Irine,

Marahaba, ingawa barua yako ya mwisho ilinisalimu kwa meno. Sisi ni wazima. Mvua ni nyingi, mfereji umevunja kingo mahali pawili, nami nimekuwa nikisimama kwenye matope na goti hili. Lakini hiyo siyo sababu ya kuchelewa kukujibu. Nilikuwa nangoja mfungo uishe. Haifai kumwendea mtu aliyefunga ukiwa umebeba aibu zako.

Baada ya Idi nilikuja mjini. Kwako sikupita, tena kwa makusudi. Nilikwenda Levolosi peke yangu, nikiwa na chupa ya asali, nikamwomba Bibi Sophia msamaha.

"Kumbe hakuna bwana harusi?" akaniuliza.

"Hakuna, mama. Palikuwa na jambo la kadi tu."

"Kadi za mwaliko?"

"Za kompyuta."

"Mzee," akasema, "na yule mwenye tai alikunywa vikombe vitatu."

Nimemkaripia Romanus. Anadai kwamba alikuwa anachunguza.

Najat alitoka ndani akaniamkia, akaniwekea chai bila kunitazama usoni. Nilimwomba radhi naye pia. Kisha, kwa kuwa sijapata kuacha swali bila jibu, nikamuuliza kwa nini aling'ang'ania kadi mbili. Akaweka sinia chini.

"Mimi?" akasema. "Mzee, mimi nilitaka moja. Nilimwambia Irine tangu siku ya kwanza kwamba michezo haitaitumia ya pili. Yeye ndiye aliyesema hapana, kila mtu awe na yake. Na nafasi ya pili aliichagua mwenyewe."

Nilikunywa chai ile ikiwa ya moto ili nisiwe na haja ya kusema kitu.

Niliporudi nyumbani nilizitoa barua zako nikazisoma kama nilivyokuwa nikisahihisha mitihani. Katika ile ya kwanza uliandika kwamba kadi ya Najat itakaa nafasi ya kwanza na yako ya pili. Katika ile iliyofuata uliandika kwamba ya nafasi ya kwanza ndiyo inayofanya kazi, na ya pili hukaa imepoa. Maneno ni yako. Basi kadi ya mwenzako ingechoka kila siku kwa ajili yenu wote wawili, na yako ingebaki nzima, tayari kuchomolewa na kuondoka nawe siku mtakapokosana. Nilimtafuta mjanja Levolosi nikamvalisha Romanus tai, kumbe mjanja ananiandikia shikamoo.

Sikuuliza hayo ili nikupige nayo. Nataka kujua unaogopa nini, kwa kuwa mtu hatayarishi mlango wa nyuma katika nyumba asiyoiogopa.

Nikueleze habari ya ng'ombe wangu, si huyo wa mama yako, yule mwekundu. Unadhani ni wangu. Nusu yake ni ya Ndesanjo. Tulimnunua pamoja tulipokuwa hatuna uwezo wa kununua mmoja mmoja. Hulala kwangu, majani huleta yeye, ndama tunapokezana. Usidhani kwamba tunaaminiana. Nikiingia zizini kwa taa, Ndesanjo hukohoa upande wa pili wa ua ili nijue kwamba yu macho. Akileta majani makavu, nampa maziwa kidogo na kusema ng'ombe amekataa. Tunatiliana shaka tangu hujazaliwa. Lakini ng'ombe yule ndiye mnene kuliko wote kitongojini, kwa sababu analindwa na watu wawili, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuondoka na mguu mmoja wa ng'ombe. Tungekuwa na ng'ombe wawili, kila mtu angelinda wake, na tusingesalimiana.

Mnunuzi amemwona ndama wako na ameridhika. Nimwambie nini? Mimi sikuamulii.

Mjomba wako,
Ephraimu


Levolosi
4 Juni 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa kimya tena, na safari hii sikuwa natunga chochote. Kila nilipoanza kuandika nilikuona umeshika kalamu nyekundu. Natumaini mfereji umetengenezwa na goti limepata jua kidogo.

Uliniuliza ninaogopa nini. Unaikumbuka saluni niliyofungua na Princess? Mlisikia tu kwamba ilifungwa. Nilifika asubuhi nikakuta mlango uko wazi, na mashine za kukaushia nywele hazipo, wala vioo. Nilimpigia simu, akaniambia, "Mimi nimechukua vya kwangu." Na kweli hatukuwahi kusema kipi ni cha nani. Tangu siku ile sikai na mtu mezani bila kuhesabu kimoyomoyo nitaondoka na nini. Najat hajanifanyia lolote. Nilimhesabia tu, kama ninavyowahesabia wote.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwao. Bibi Sophia alinifungulia akaniuliza kama nimekuja peke yangu au na wachunguzi. Chumba cha mbele kilikuwa kinang'aa. Kompyuta ilikuwa imewashwa, na kwenye kioo magari yalikuwa yanakimbia. Nilisimama mlangoni kama mgeni.

"Umepata wapi kadi?" nikamuuliza Najat.

"Kwa Arnold. Nilichukua pacha mmoja. Mwenzake amekwenda Kimandolu."

Ubavu wa mashine ulikuwa wazi. Kadi yake ilikuwa imekaa nafasi ya kwanza, feni zake zinazunguka. Chini yake palikuwa na ile nafasi nyingine, tupu. Sikuweza kuacha kuitazama.

"Inaganda kidogo," Najat akasema. "Mpira inaweza, vita haiwezi. Sasa sikiliza. Ukitaka, katafute nyingine kama hii, uje uichomeke hapo chini ipoe, kama ulivyopanga. Sitakukataza. Au niirudishe hii kwa Arnold, wewe ulete ndama wako, tuchukue ile moja kubwa. Ikiwa hivyo, hakuna mwenye chake. Tukigombana, tutagombana hapa hapa, mbele yake."

"Huna shaka na mimi?"

"Nina shaka nawe kupita kiasi," akasema. "Ndiyo maana nataka moja. Nikuone kila siku."

Mjomba, nilishtuka. Nilidhani umemfundisha maneno. Nilimuuliza kama ulimweleza habari ya ng'ombe mwekundu, akasema, "Ng'ombe gani tena? Nyie Wameru mna ng'ombe kila mahali."

Lakini sijaamua, na sitaki nikudanganye tena kwamba nimeamua. Nilimuuliza risiti ya hiyo kadi kubwa itaandikwa kwa jina la nani. Akasema, "La Bibi." Bibi Sophia ni bibi yake, si wangu. Nikamwambia hivyo. Akajibu, "Basi liandikwe la mjomba wako, yeye ndiye hodari wa kuchunguza." Tukacheka wote wawili, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba alikuwa anatania. Najiuliza kwa nini alikwenda kununua kadi yake bila kuniambia. Najiuliza pia kama mimi, kwa jinsi nilivyomfanyia, ninayo haki ya kujiuliza. Arnold anaiweka ile kubwa hadi Jumamosi.

Barua hii ninaiandikia kwenye meza ya Bibi Sophia. Najat amekaa mbele yangu na anaisoma juu chini, kila mstari ninaoumaliza. Mwanzoni nilitaka kuifunika kwa mkono. Sikuifunika. Kwenye habari ya Princess aliacha kutafuna karanga. Anakuamkia, na anasema Bibi anauliza kama yule mwenye shamba la kahawa bado yupo, maana ndizi ziliwafaa sana.

Mwambie mnunuzi angoje. Usimkabidhi ndama, wala usimrudishe zizini. Mfunge pale uani. Nikishaamua nitakuandikia, naye Elinipa atakuletea. Huna haja ya kuanza juu. Tazama chini kwanza, penye sahihi. Ukiona majina mawili, mfungue umkabidhi mnunuzi. Ukiona moja, basi mrudishe alale.

Nimekukumbuka.

Mpwa wako,
Irine